Kershaw anatundika glavu: tumpime kwa miaka 18 au kwa Oktoba zake?

#1 Mleta uzi · 20 Septemba 2025

Wakuu, salaam.

Alhamisi Clayton Kershaw, mrushaji wa besiboli wa Los Angeles Dodgers, alitangaza kwamba huu ndio msimu wake wa mwisho. Jana Ijumaa akaanza mechi yake ya mwisho ya msimu wa kawaida pale Dodger Stadium, Los Angeles, dhidi ya mahasimu wa jadi, San Francisco Giants. Mpigaji wa kwanza kabisa, Heliot Ramos, akampokea kwa homurani (mpira uliopigwa mpaka nje ya uwanja). Kershaw akaendelea kurusha mpaka inningi ya tano (mechi ya kawaida ina inningi 9, na katika kila inningi kila timu inapata zamu ya kupiga), akamtoa Rafael Devers kwa straiki ya tatu (straiki ni mrusho mzuri ambao mpigaji anaukosa au anauacha; zikifika tatu anatoka) ambayo Devers aliiangalia tu ikipita, kisha kocha Dave Roberts akatoka kuchukua mpira. Uwanja mzima ulisimama.

Toka jana ubishi umerudi ule ule wa miaka zaidi ya kumi. Je, huyu ni mrushaji bora wa kizazi chake, au ni mtu wa msimu wa kawaida anayeyeyuka ikifika Oktoba, mwezi wa mechi za mtoano? Kila upande unasema nusu ya habari. Nataka tumpime hapa kwa ukamilifu, na nitasema wazi tangu mwanzo nilipo: mimi naona ndiye bora wa kizazi chake, na naona pia kwamba anayeficha Oktoba zake hamtendei haki.

Kwa ambaye mchezo huu ni mgeni kwake, mambo mawili yanatosha kufuata uzi. Mrushaji ndiye anayesimama kwenye tuta katikati ya uwanja na kumrushia mpira mpigaji mwenye gongo. Na kipimo kikuu cha mrushaji ni wastani wa pointi anazofungwa kwa kila inningi 9 (makosa ya mabeki wake hayahesabiwi). Ukiwa na wastani wa 4 wewe ni wa kawaida. Ukiwa na 3 wewe ni kinara wa timu. Kershaw kwa miaka 18 ana takriban 2.5. Tangu mwaka 1920, mpira ulipoanza kuchezwa kwa namna inayowapa wapigaji nguvu, hakuna mrushaji wa kuanza mechi aliyefikisha inningi 1,500 akawa na wastani mdogo kuliko wake.

Ameanza akiwa na miaka 20, tarehe 25 Mei 2008, na hajawahi kuvaa jezi ya klabu nyingine. Tuzo ya Cy Young, ambayo ndiyo ya mrushaji bora wa ligi, amechukua mara tatu: 2011, 2013 na 2014. Mwaka 2014 alishinda mechi 21 akapoteza 3, wastani 1.77, na akapewa pia tuzo ya mchezaji bora wa ligi nzima ya National, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu. Mrushaji wa mwisho wa ligi hiyo kuipata kabla yake alikuwa Bob Gibson, 1968. Mwaka 2015 aliwatoa wapigaji 301 kwa straiki tatu. Na Julai 2 mwaka huu akafikisha wa 3,000, wa ishirini tu katika historia yote, wa nne kwa wanaotumia mkono wa kushoto baada ya Steve Carlton, Randy Johnson na CC Sabathia. Ile ya 3,000 ilikuja kwenye mrusho wake wa 100 usiku ule, inningi ya sita, mguu umechoka, na bado slaida (mrusho unaokata kando ghafla) ikakata kona.

Halafu kuna Oktoba. Mechi za mtoano. Huko wastani wake ni karibu 4.5.

Karibuni.

#2 Mdau wa Nairobi

Mkuu, umeandika vizuri lakini hesabu umeshajijibu mwenyewe. 2.5 msimu wa kawaida, 4.5 mtoano. Hii ni tofauti ya pointi mbili nzima. Mechi kubwa ndizo zinazomtambulisha mtu mkubwa. Nani anakumbuka mechi ya Jumanne ya mwezi wa Mei dhidi ya timu ya mkiani? Oktoba 2014 nilikesha kuangalia Dodgers na St. Louis Cardinals. Alikuwa anaongoza 6 kwa 2. Siwezi kusahau inningi ya saba.

#3 Mleta uzi

Ndugu yangu wa Nairobi, umegusa penyewe, tukae hapo kidogo.

Oktoba 3, 2014, mechi ya kwanza ya raundi ile. Kershaw anatoka kwenye msimu bora wa maisha yake. Inningi sita amefungwa homurani mbili za mtu mmoja mmoja, basi. Inningi ya saba inaanza: Matt Holliday anapiga anafika besi ya kwanza (kituo cha kwanza kati ya vinne ambavyo mpigaji lazima avipite ili timu yake ipate pointi). Jhonny Peralta naye. Yadier Molina naye. Matt Adams naye, pointi inaingia. Wanne mfululizo, wala si mipira mikubwa, inapenya tu katikati. Anamtoa Pete Kozma kwa straiki. Jon Jay anapiga, pointi nyingine. Anamtoa Oscar Taveras kwa straiki. Sasa ni 6 kwa 4, auti mbili (bado mtu mmoja atolewe zamu yao iishe), besi zote tatu zimejaa, na anakuja Matt Carpenter, yule yule aliyemtia kidonda mwaka uliotangulia. Mirusho minane. Carpenter anaichapa ukutani kulia katikati, wote watatu wanarudi nyumbani. Ulikuwa mrusho wa 110 wa Kershaw usiku ule.

Mrusho wa 110, wakuu. Kocha wa wakati ule alimwacha pale kwa sababu hakuna aliyemwamini zaidi. Benchi la warushaji wa akiba la Dodgers mwaka ule lilikuwa bovu, na ushahidi ni kwamba aliyeingia baada yake akafungwa homurani ya pointi tatu papo hapo. Ikaisha 10 kwa 9. Siku nne baadaye wakamrudisha kule St. Louis na mapumziko ya siku tatu badala ya nne. Akaongoza 2 kwa 0 mpaka inningi ya saba tena. Adams akampiga homurani ya pointi tatu kwenye mpira wa kupinda. Ikaisha 3 kwa 2, safari ikaishia hapo.

Sisemi hakufungwa. Alifungwa yeye, kwa mkono wake. Ninachosema ni kwamba ukitazama yale mabaya yake ya Oktoba, mengi yana umbo moja: yuko vizuri, amechoka, anaachwa, anaangushwa kwenye inningi ya saba. Mrushaji mwingine angeshatolewa inningi ya sita akiwa na sifa zake zote, na leo tungemwita shujaa wa mtoano.

#4 Mdau wa Zanzibar

Assalaam aleikum wana jukwaa. Mleta uzi nakuheshimu, ila hiyo hoja ya mapumziko mimi siinunui. Kuna Sandy Koufax, klabu hiyo hiyo, mkono huo huo wa kushoto. Mwaka 1965, mechi ya saba ya World Series, yaani fainali ya ubingwa, kule Minnesota, alirusha akiwa na mapumziko ya siku mbili tu, akacheza inningi zote tisa, wakashinda 2 kwa 0. Wastani wake wa World Series ni 0.95. Madison Bumgarner naye, 2014 hiyo hiyo mnayoiongelea, mechi ya saba, mapumziko ya siku mbili, akaingia kama mrushaji wa akiba akamaliza inningi tano bila kufungwa. Kwa nini wao waliweza?

#5 Mleta uzi

Wa aleikum salaam mkuu. Hoja nzito, na ninaifurahia.

Koufax ni Koufax, sitamgusa. Lakini angalia alilipa nini. Mwaka mmoja baada ya mechi ile, 1966, alistaafu akiwa na miaka 30 kwa sababu kiwiko kilikuwa kimeharibika kwa baridi yabisi. Pia zama zake hapakuwa na raundi za mtoano. Ukishinda ligi yako unakwenda World Series moja kwa moja. Inningi zake zote za Oktoba ni 57. Kershaw ana karibu 200, kwenye raundi tatu hadi nne kila mwaka, na timu yake ilifika huko karibu kila msimu.

Bumgarner alikuwa na Oktoba moja ya ajabu kuliko ya mtu yeyote niliyepata kumwona. Namvulia kofia. Wastani wake wa maisha lakini ni 3.47, na umri wa miaka 30 ulipopita akashuka moja kwa moja. Ukiniambia nichague mrushaji wa usiku mmoja, nitakupa Bumgarner bila kusita. Ukiniambia nichague wa miaka kumi na minane, hakuna mjadala.

Ila sasa niseme jambo ambalo mashabiki wenzangu wa Dodgers hawapendi kulisikia. Wengi wanajitetea kwamba Oktoba ni mechi chache, ni bahati tu. Inningi karibu 200 si chache. Huo ni msimu mzima wa mrushaji. Kwa hiyo Kershaw ana misimu ya kawaida iliyojaa dhahabu, na ana msimu mmoja wa ziada, uliotawanyika kwenye Oktoba zote, ambao ndani yake alikuwa mrushaji wa kawaida kabisa. Huo ni ukweli na uandikwe. Lakini ni msimu mmoja dhidi ya inningi zaidi ya 2,850. Anayetaka huo mmoja ufute mingine yote anatakiwa aeleze kwa nini mechi za Mei, Juni na Julai, ambazo ndizo zilizoifikisha timu kwenye Oktoba, zisihesabiwe.

#6 Mdau wa Nairobi

Na fainali ya 2017 kule Houston mnaisemaje? Timu yake iliongoza 4 kwa 0, akasawazishwa. Ikaongoza tena 7 kwa 4, ikasawazishwa. Ikaisha 13 kwa 12.

#7 Mleta uzi

Ile ndiyo mechi ambayo mimi binafsi nimeitoa kwenye mizani, na nitaeleza kwa nini.

Januari 2020 uongozi wa ligi ulitoa ripoti kwamba mwaka 2017 Houston Astros walikuwa na kamera uwanjani kwao inayosoma ishara za mdakaji (anayekaa nyuma ya mpigaji na kumwonyesha mrushaji arushe mpira gani), kisha mtu anagonga pipa la takataka kumjulisha mpigaji ni mpira gani unakuja. Klabu ilipigwa faini ya dola milioni 5, kocha A.J. Hinch na meneja mkuu Jeff Luhnow wakafungiwa mwaka mzima. Wachezaji hawakuadhibiwa. Ubingwa hawakunyang'anywa.

Mtu ambaye silaha zake ni slaida na mpira wa kupinda anaishi kwa siri. Mpigaji akijua mapema kwamba huu unapinda, anauacha uanguke chini na kusubiri wa moja kwa moja. Mechi ya kwanza ya fainali ile, nyumbani Los Angeles, joto kali, Kershaw aliwatoa hao hao Astros 11 kwa straiki bila kumpa mtu besi ya bure (anayopewa mpigaji akirushiwa mipira minne nje ya eneo), akafungwa pointi moja kwa inningi saba. Wapigaji wale wale. Siku tano baadaye, kwenye uwanja wenye kamera, wakawa wanamsoma. Siwezi kuthibitisha kila mrusho, na sitaki kumpa sifa ambayo hakuipata. Lakini kumtwisha mtu lawama ya mechi iliyochezwa kwenye uwanja uliothibitishwa kuwa na wizi, mimi nakataa katakata. Ile inaniuma hadi leo.

Ukitaka mechi ya lawama isiyo na utetezi, chukua Oktoba 9, 2019 dhidi ya Washington Nationals. Aliingia kama mrushaji wa akiba, akamtoa Adam Eaton kwa mirusho mitatu, uwanja ukalipuka. Inningi iliyofuata Anthony Rendon homurani, mrusho unaofuata Juan Soto homurani. Mirusho miwili, mechi imesawazishwa. Hapo hapakuwa na pipa, hapakuwa na uchovu. Hapo alipigwa tu.

#8 Mdau wa Kampala

Mimi ni dada wa Kampala, nimesoma kimya kimya toka mwanzo. Huku kwetu Dodgers wana jina kwa sababu mwaka 2022 waliwasajili vijana wetu wawili, Ben Serunkuma mrushaji na Umar Male mdakaji. Na kabla ya hapo timu ya watoto ya Lugazi ilikwenda mashindano ya dunia ya Little League mwaka 2012, ya kwanza kutoka Afrika. Kwa hiyo tunafuatilia. Swali langu: mbona hamzungumzii kazi yake Zambia? Huyu na mkewe Ellen wamejenga nyumba ya watoto yatima Lusaka. Je, hiyo si sehemu ya anachokiacha?

#9 Mleta uzi

Dada, asante sana, umeleta kitu cha maana.

Ellen ndiye aliyeanza kwenda Zambia akiwa bado kijana, na Januari 2011, wakiwa ndio kwanza wamefunga ndoa, akaenda na Clayton. Msimu ule akaahidi dola 100 kwa kila mpigaji anayemtoa kwa straiki. Aliwatoa 248. Kutoka hapo ikazaliwa nyumba ya Arise pale Lusaka na taasisi yao inayoendelea hadi leo. Mwaka 2012 alipewa tuzo ya Roberto Clemente, ambayo hupewa mchezaji kwa utu wake na kazi yake kwa jamii.

Mimi nayatenganisha. Kwenye kumpima Kershaw mtu, hilo linakuja juu kabisa, kuliko Cy Young zote. Kwenye kumpima Kershaw mrushaji, siliweki, kwa sababu wema haukati kona ya besi. Tukiyachanganya tutaanza kumsamehe mtu mpira mbovu kwa sababu ni mwema, na kumnyima mwingine haki yake kwa sababu hana tabia nzuri. Lakini umefanya vyema kulikumbusha, maana uzi ungeisha bila kulitaja.

#10 Mdau wa Dodoma

Naomba kuuliza jambo la kiufundi. Huyu mzee alikuwa na nini hasa? Nimeangalia video zake, mpira wake wala si wa kasi ya kutisha.

#11 Mleta uzi

Mkuu, umeniuliza ninachokipenda.

Kwanza ule mwendo wake. Anainua mikono yote miwili juu ya kichwa, mguu wa kulia unapanda, halafu unashuka wima na kusita kidogo kabla mwili haujasukumwa mbele. Mpigaji anayezoea kuhesabu mapigo ya mrushaji anapotezwa pale kwenye ule msito. Mpira anauficha mpaka sekunde ya mwisho.

Pili, ule mpira wa kupinda. Unatoka mkononi ukiwa juu ya kichwa cha mpigaji, unaporomoka mpaka usawa wa magoti. Machi 2008, hata hajacheza mechi rasmi, alimrushia mmoja Sean Casey wa Boston kwenye mechi ya maandalizi. Casey akabaki ameduwaa, na mtangazaji mkongwe Vin Scully akaubatiza mpira ule adui namba moja wa umma. Jina likaganda.

Tatu, na hili ndilo lililomfikisha hapa, ni akili. Mwanzoni mpira wake wa kasi ulikuwa maili 94 kwa saa na zaidi. Mwaka huu uko karibu na 89. Katikati hapo mgongo ulimharibikia, diski ya uti wa mgongo 2016, mkono, bega likapasuliwa mwishoni mwa 2023, mwaka uliofuata wakampasua goti na kidole cha mguu. Na bado mwaka huu, na umri wa miaka 37, anashinda mechi na kupoteza chache mno. Kwa maili 89! Vijana wanaorusha maili 100 wanachapwa. Yeye anaweka slaida pale pale ukingoni, inchi kwa inchi.

Kuna siku moja inayomweleza kuliko nyingine. Aprili 13, 2022, Minneapolis, baridi kali. Anatoka kwenye msimu aliomaliza majeruhi, hajapata maandalizi ya kutosha. Inningi saba, wapigaji 21, hakuna hata mmoja aliyegusa besi. Kumi na watatu kwa straiki. Mirusho 80. Zimebaki inningi mbili aandikwe kwenye orodha ya mechi kamilifu, ambazo katika historia yote ya ligi hazifiki hata 25. Roberts akamtoa. Dunia ikamshambulia Roberts. Kershaw akasema uamuzi ulikuwa sahihi, maana mwili wake haukuwa tayari na timu ilihitaji mikono yake Septemba. Wanaosema anajifikiria mwenyewe wakaitazame siku hiyo.

#12 Mdau wa Zanzibar

Na pete za ubingwa? Nyinyi watu wa Dodgers mnapenda kuhesabu pete.

#13 Mleta uzi

Mimi sihesabu pete, na hili nalisema hata kwa anayemtetea Kershaw. Pete ya 2024 ni ya klabu. Kershaw mwaka ule alianza mechi saba tu, na Oktoba alikuwa majeruhi, hakurusha hata mpira mmoja. Ukisema ana pete mbili kana kwamba zina uzito sawa unapotosha.

Ya 2020 ndiyo yake. Fainali ilichezwa Arlington, Texas kwa sababu ya korona, jirani na Dallas alikozaliwa. Akashinda mechi ya kwanza, akashinda ya tano. Kwenye ile ya tano, inningi ya nne, Manuel Margot wa Tampa Bay yuko besi ya tatu na akaamua kuiba besi ya nyumbani huku Kershaw ameinua mikono juu. Max Muncy, mwenzake wa Dodgers, akapiga kelele. Kershaw, mtu wa mazoea kuliko wote, ambaye hapendi hata dakika yake ya kuingia uwanjani ibadilike, akashuka kwenye tuta kwa utulivu, akamtupia mdakaji Austin Barnes, Margot akaguswa mkono ukiwa sentimita chache kabla ya besi. Mtu wa kuyeyuka kwenye mechi kubwa asingefanya vile.

#14 Mleta uzi · 9 Oktoba 2025

Wakuu, narudi kwenye uzi. Jana usiku Kershaw aliingizwa kama mrushaji wa akiba dhidi ya Philadelphia Phillies. Inningi mbili, pointi tano. Dodgers wakapigwa 8 kwa 2. Hakuwa na udhibiti kabisa, mipira ilikuwa inakwenda kila upande.

Wastani wake wa Oktoba umepanda zaidi. Naandika mwenyewe kabla hajaandika mtu mwingine, kwa sababu nilianza kwa kusema tusifiche.

#15 Mdau wa Nairobi

Pole mkuu. Sikuja kucheka. Iliniuma hata mimi. Kumwona mtu wa hadhi ile akihangaika namna ile usiku wa karibu na mwisho wake si jambo la kufurahia.

#16 Mleta uzi · 28 Oktoba 2025

Wale mliolala, amkeni.

Mechi ya tatu ya World Series, Dodgers na Toronto Blue Jays, imechezwa inningi 18, saa 6 na dakika 39. Inningi ya 12, ni 5 kwa 5, auti mbili, besi zote zimejaa. Ukikosea kidogo tu umefungwa. Roberts akanyanyua simu akamwita Kershaw, ambaye hajagusa mpira toka ile aibu ya Phillies.

Mpigaji ni Nathan Lukes. Mirusho ikafika ya mwisho: mipira mitatu nje ya eneo, straiki mbili. Mrusho mmoja mbovu nje ya eneo unamleta mtu nyumbani bure. Kershaw akarusha slaida, Lukes akauchapa chini taratibu kuelekea besi ya pili, Tommy Edman akaukimbilia na kuusukuma kwa glavu yenyewe hadi kwa Freddie Freeman. Auti. Mirusho minane, kazi imekwisha. Inningi ya 18 Freeman akapiga homurani, 6 kwa 5.

Na upande wa pili aliyeanza mechi kwa Toronto alikuwa Max Scherzer, naye ana Cy Young tatu, naye ni mzee. Kizazi kile kinaaga kwenye mechi moja.

#17 Mdau wa Nairobi

Nimeiona. Mpigaji mmoja. Naweka kwenye mizani kama ulivyotaka, lakini mpigaji mmoja hafuti Carpenter.

#18 Mleta uzi

Hafuti. Tuko pamoja.

#19 Mdau wa Dodoma · 2 Novemba 2025

Mabingwa tena! 5 kwa 4, inningi 11, Toronto. Kershaw alikuwa anapasha mwili kwenye benchi la akiba wakati Mookie Betts anamaliza mechi kwa auti mbili za mpigo. Mleta uzi, sasa toa msimamo. Wa ngapi kwenye kizazi chake?

#20 Mleta uzi

Kwa kizazi kile wako watatu: Kershaw, Justin Verlander, Scherzer. Kila mmoja ana Cy Young tatu. Scherzer alikuwa na hasira ambayo wengine hawakuwa nayo. Verlander amedumu kuliko wote na ana ushindi mwingi kuliko wote. Lakini kwa ubora wa kila inningi, toka 2011 hadi 2017 Kershaw aliongoza ligi yake kwa wastani mdogo mara tano, nne kati ya hizo zikiwa mfululizo. Namweka wa kwanza, Verlander wa pili kwa mwendo mfupi.

Na jambo moja nililoliweka akiba kwa ndugu yangu wa Zanzibar. Verlander kwenye World Series ameshinda mechi moja na kupoteza sita, wastani juu ya 5. Hakuna anayefungua mada kuuliza kama Verlander anayeyeyuka. Kershaw anaulizwa kila mwaka kwa sababu alikuwa amesogea karibu na ukamilifu kuliko mtu yeyote wa zama zake, na kila kasoro yake ikaonekana kubwa. Hilo si kosa lake.

Kura za Ukumbi wa Heshima wa Cooperstown zitamfikia kuanzia 2031, baada ya miaka mitano ya kusubiri. Inatakiwa asilimia 75. Atapita mwaka wa kwanza, sina wasiwasi hata chembe.

#21 Mdau wa Zanzibar

Hiyo ya Verlander sikuwa naijua, nitakwenda kuichimba. Msimamo wangu kwa Koufax haujabadilika. Nina mdogo wangu anataka kuanza kuufuata mchezo huu, nimwonyeshe mechi gani ya Kershaw?

#22 Mleta uzi

Mwonyeshe Juni 18, 2014 dhidi ya Colorado Rockies, yote, asiruke. Inningi tisa bila kuguswa hata mara moja, 15 kwa straiki, hakumpa mtu besi ya bure. Mtu pekee aliyefika besi alifika kwa kosa la Hanley Ramírez aliyetupa vibaya inningi ya saba. Mwambie amtazame Kershaw baada ya lile kosa: anarudi kwenye tuta, anapokea mpira, anaendelea.

Akimaliza hiyo, mwekee inningi ya saba ya Oktoba 3 mwaka huo huo. Ni miezi mitatu na nusu tu katikati. Aitazame nayo mpaka mwisho.